Anaweza Hili, Anashindwa Lile: Kuuelewa Usonji kwa Mizani ya Fiqhi

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote, aliyewaumba waja Wake kwa namna mbalimbali na akamgawia kila mmoja kwa kadiri aliyoitaka. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba wake.



Katika darsa hili tutazame jambo ambalo halitajwi kwa jina lake katika vitabu vyetu vya Fiqhi, lakini limo majumbani mwetu, katika madrasa zetu na hata humu chuoni. Nalo ni usonji. Nitashika upande wake mmoja tu, ule unaowachanganya watu zaidi: mtu kuwa hodari mno katika jambo moja, kisha akawa dhaifu mno katika jambo jingine ambalo wengine wanaliona jepesi.

Limenifikia kwa njia ya familia. Mtoto wa mama yangu mdogo, wa kwetu Buyenzi, mjini Bujumbura, ana miaka 15. Amehifadhi juzuu 14, na ukikosea irabu moja atakurekebisha kabla hujamaliza neno. Lakini ukimpa noti akanunue mkate hapo pembeni anaweza kurudi mikono mitupu, kwa sababu muuza duka amemuuliza swali ambalo hakulitarajia. Ukimwambia “vuta subira” atakuuliza subira iko wapi aivute. Aliwahi kuumwa jino siku kadhaa, hakumwambia mtu, na tulijua tulipoona shavu limevimba.

Kijana huyu alitolewa katika madrasa aliyokuwa akisoma. Ustadhi wake alisema: mwenye kichwa cha kubeba juzuu 14 hawezi kushindwa kukaa kwenye mstari, basi huu ni ujeuri. Wakati huohuo mzee mmoja wa ukoo alisema: mtoto huyu hana akili timamu, kalamu imeinuliwa kwake, msimsumbue kwa swala wala kwa darsa. Baada ya hapo mama yake akaniuliza mimi ninayesoma Masomo ya Kiislamu: ni yupi kati yao aliyesema kweli?

Makala haya ni juhudi yangu ya kujibu. Mimi ni mwanafunzi, si mufti, na palipo na fatwa nitasema liulizwe kwa wenyewe.

Usonji ni nini?

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo ambayo huanza mapema, kabla ya mtoto kutembea na kusema, na huendelea maisha yote. Huonekana hasa katika sehemu mbili. Ya kwanza ni mawasiliano na kuishi na watu: kusoma uso wa mtu, kuelewa maneno ya mafumbo, kujua zamu ya kusema. Ya pili ni mwenendo wa kurudiarudia, kupenda utaratibu usiobadilika, kushikamana na jambo moja kwa undani, na hisia za mwili zilizo kali au hafifu kuliko kawaida, kama vile sauti, mwanga na kuguswa.

Si ugonjwa wa kuambukiza, wala hautokani na malezi mabaya. Kuwepo kwa majini tunakuamini, na ruqya ni sunna, lakini kumfunga mtoto na kumpiga kwa jina la ruqya hakuna asili katika sunna. Shirika la Afya Duniani liliwahi kukadiria kwamba takriban mtoto 1 kati ya 100 yuko katika hali hii. Msikiti wa watu 500 siku ya Ijumaa una haki ya kujiuliza: wa kwetu wako wapi?

Daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliandika mwaka 1943 kuhusu watoto 11 aliowachunguza. Mwaka uliofuata Hans Asperger aliandika mjini Vienna kuhusu watoto wengine waliokuwa wakisema vizuri na wenye elimu nyingi ya mambo waliyoyapenda, lakini wasioweza kuishi na wenzao. Kwa miaka mingi haya yalidhaniwa kuwa mambo mawili. Lorna Wing na Judith Gould, waliofanya utafiti Camberwell, London, na kuuchapisha mwaka 1979, walisaidia kuonesha kwamba watu hawa hawaingii katika visanduku vilivyotengana. Hapo ndipo likaja wazo la wigo wa usonji.

Wigo huu si kama ngazi, kwamba huyu ana usonji kidogo yuko juu na yule ana mwingi yuko chini. Ufananishe na milima ya kwetu. Mtu mmoja ana kilele hapa na bonde pale, na mwenzake ana kilele mahali ambapo huyu ana bonde. Ukimpima mtu kwa sehemu moja tu ya safari, utakosea urefu wa mlima wote.

Vilele na mabonde

Mtoto wa kwanza katika maandishi ya Kanner alikuwa Donald Triplett, wa mji mdogo wa Forest, Mississippi. Baba yake, mwanasheria, alimwandikia daktari barua ya kurasa 33 kueleza hali yake. Akiwa mdogo sana Donald alikuwa na kumbukumbu ya ajabu, akijua kwa moyo maswali na majibu 25 ya mafundisho ya kanisa lao. Lakini hakuwa akiuliza maswali ya kawaida ya watoto wala kuyajibu, na alionekana kana kwamba watu waliomzunguka hawapo. Alipokuwa na miaka mitatu alipelekwa kuishi katika taasisi mbali na nyumbani, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule. Wazazi wake baadaye walimrudisha. Alikua, akasoma chuo, akafanya kazi benki kwa miongo mingi, akajifunza kuendesha gari akiwa na miaka 27, akasafiri nchi nyingi. Alifariki mwaka 2023, akiwa na miaka 89. Watu wa mji wake walimjua hivyo alivyo, wakamwachia nafasi yake.

Temple Grandin, aliyezaliwa mwaka 1947, alichelewa kusema mpaka alipokaribia miaka minne. Amekuwa profesa wa elimu ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Colorado State, na miundo yake ya mazizi inatumika sana katika kushughulikia ng’ombe. Yeye mwenyewe ameeleza kwamba hufikiri kwa picha, na kwamba aljebra ilimshinda shuleni. Mtu wa kawaida angedhani anayeweza kuchora mtambo mzima kichwani hawezi kushindwa na aljebra.

Wataalamu wamejaribu kueleza sababu. Vipimo vya akili huwa na sehemu nyingi: msamiati, hesabu, kupanga vipande vya rangi ili vifanane na mchoro, kuelewa hali za kijamii. Kwa watu wengi alama za sehemu hizi hukaribiana. Kwa wengi walio na usonji alama hupanda na kushuka, mara nyingi zikipanda katika kupanga vipande na kushuka katika maswali ya kijamii. Uta Frith, mtafiti wa London, alieleza kwamba akili ya mwenye usonji huvutwa na sehemu ndogondogo kabla ya kuona kitu kizima. Anayeuona mchoro kama vipande anaupanga haraka. Lakini katika mazungumzo, ambapo maana imo katika jumla ya maneno, uso, sauti na mahali, mtu huyohuyo hupotea.

Chombo cha kupimia nacho kinaweza kudanganya. Mwaka 2007 Michelle Dawson, ambaye mwenyewe ana usonji, pamoja na wenzake wa Kanada, walichapisha utafiti uliohusisha watoto 38 wenye usonji. Waliwapima kwa kipimo cha kawaida chenye maneno mengi, kisha kwa kipimo cha Raven, ambacho ni cha kukamilisha michoro bila maneno. Kwa wastani nafasi yao kati ya watoto 100 ilipanda kwa takriban ngazi 30, na kwa baadhi yao zaidi ya ngazi 70. Watoto ni walewale. Kilichobadilika ni namna ya kuulizwa.

Kuna mambo mawili ya kutahadhari. La kwanza, si kila mwenye usonji ana kipaji cha kushangaza. Wenye vipaji vya aina hiyo ni wachache, na wapo wengi wanaohitaji msaada wa kula, kuvaa na kujisafisha mpaka utu uzima. La pili, kilele na bonde havikai mahali pamoja siku zote. Anayejibu vizuri asubuhi katika chumba kimya anaweza kushindwa kutamka neno jioni baada ya kelele za soko. Hajasahau wala hafanyi mchezo. Nguvu yake imekwisha.

Makosa mawili yanayotoka mzizi mmoja

Turudi kwa ustadhi na mzee. Mmoja aliona kilele, akasema: basi anaweza yote, aadhibiwe. Mwingine aliona bonde, akasema: basi hawezi lolote, aachwe. Hukumu zao zinapingana, lakini kosa ni moja. Kila mmoja alichukua sehemu moja ya mtu akaifanya ndiyo mtu mzima.

Kosa la kwanza linamnyima mtu msaada, na la pili linamnyima heshima na dini yake. Mara nyingi mtu mmoja hupata yote mawili kwa siku moja: asubuhi anaitwa mjeuri, jioni anaitwa mwendawazimu.

Sharia haipimi uwezo kwa kipande kimoja

Nilipoyarudia masomo yetu ya Usuli na Fiqhi kwa swali hili, niliona kwamba wanazuoni wetu hawakuuchukulia uwezo wa mtu kuwa kitu kimoja. Tazameni mifano mitatu.

Kwanza, taklifu. Ni kweli ipo hadithi mashuhuri kwamba kalamu imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwendawazimu mpaka arudiwe na akili. Lakini sababu ya hukumu ni kukosekana kwa akili ya kufahamu anachoambiwa, si kuwa tofauti na watu. Anayejua kwamba Alasiri imeingia, anayejua rakaa ngapi na kwa nini anaswali, hatuwezi kumtoa katika taklifu kwa sababu tu hatazami watu machoni. Na yule ambaye kweli hafahamu, kalamu kuinuliwa kwake ni rehema. Haikuja ili afungiwe chumbani. Mtoto wa miaka saba pia hajaandikiwa dhambi, na bado tumeamrishwa kumfundisha swala.

Pili, rushdi katika mali. Katika Sura an-Nisaa, aya ya 5 na ya 6, Mwenyezi Mungu ameamrisha safihi asikabidhiwe mali, bali alishwe na avishwe kutokana nayo na aambiwe maneno mema, na kwamba mayatima wajaribiwe kabla ya kupewa mali zao. Jamhuri ya wanazuoni wamesema safihi aliyebaleghe anawekewa mtu wa kumsimamia katika mali, na Imamu Abu Hanifa amekhitalifiana nao. Lakini hakuna aliyesema kwamba kwa kushindwa kusimamia mali, swala na saumu zimemuondokea. Mtu mmoja, hukumu mbili, kwa sababu uwezo wake ni tofauti katika mambo mawili. Na tusisahau yale maneno mema: hata anayezuiliwa mali yake hazuiliwi heshima yake.

Tatu, kanuni inayosema al-maysuru laa yasqutu bil-ma’suur, yaani lililo jepesi haliporomoki kwa sababu ya lililo zito. Imamu Suyuti ameitaja katika kitabu chake cha al-Ashbaahu wan-Nadhaair. Aliyekatika sehemu ya mkono huosha iliyobaki. Anayejua sehemu tu ya Fatiha huisoma hiyo anayoijua. Basi anayeweza kuswali ila hawezi kuvumilia kipaza sauti, atasaidiwa katika kipaza sauti, na swala itabaki mahali pake. Ama kama uchungu wa kelele unafika kiwango cha udhuru wa kuacha jamaa, kama ulivyo udhuru wa ugonjwa, hilo kila familia imuulize mwanachuoni, imweleze hali ya mtu wake kwa ukamilifu. Msingi wa wepesi upo. Ibn Abbas (R.A.) siku ya mvua na matope alimwamuru muadhini awatangazie watu waswali majumbani mwao.

Mifano katika zama za Mtume (S.A.W.)

Sisemi kwamba Sahaba yeyote alikuwa na usonji. Hatuna haki ya kuwapachika watu wa karne ile majina ya hospitali za karne hii. Ninachotafuta ni namna Mtume (S.A.W.) na umma wake walivyoamiliana na watu ambao uwezo wao haukuwa sawasawa.

Abu Dharri (R.A.) alisifiwa kwa ukweli wa ulimi kiasi ambacho wachache wamesifiwa. Lakini alipoomba uongozi, Mtume (S.A.W.) alimwambia wazi kwamba yeye ni dhaifu kwa jambo hilo, na kwamba uongozi ni amana. Kuambiwa udhaifu wake hakukuondoa sifa yake, na sifa yake haikufanya udhaifu ufichwe.

Abdullahi bin Ummi Maktum (R.A.) alikuwa kipofu. Hakuweza kuiona alfajiri, na ndiye aliyekuwa akiadhini alfajiri! Riwaya ya Bukhari inaeleza kwamba hakuwa akiadhini mpaka aambiwe kwamba kumekucha. Kazi iligawanywa: wenye macho walitazama upeo, mwenye sauti akaadhini. Hakuna aliyesema “asiyeona alfajiri hafai kuitangaza.”

Amru bin Salama (R.A.) naye alikuwa mtoto wa miaka sita au saba. Kaumu yake iliishi kwenye maji yanayopitiwa na wasafiri, naye akajifunza Qur’ani kwa wapitao. Waliposilimu na kuambiwa aongoze swala mwenye Qur’ani nyingi zaidi, hawakumpata mwingine ila yeye. Lakini nguo yake ilikuwa fupi, na akisujudu ilipanda akabaki wazi. Mwanamke mmoja akawaambia wamsitiri msomaji wao. Wakanunua kitambaa wakamshonea kanzu, na mwenyewe alisimulia kwamba hakuwahi kufurahia kitu kama alivyoifurahia kanzu ile. Wanazuoni wamekhitalifiana juu ya uimamu wa mtoto, na hiyo si mada yetu leo. Mada yetu ni kanzu. Wangeweza kumtoa mbele kwa aibu ya nguo yake, au wakafumba macho na kuiacha aibu iendelee. Walichofanya ni kumbakiza mahali pa kilele chake na kulisitiri bonde lake.

Heshima haitokani na kipaji

Hapa kuna mtego. Tunaposikia habari za profesa na za hafidhi, tunaweza kudhani kwamba mwenye usonji anastahiki kuheshimiwa kwa sababu ana kitu cha kutulipa. Basi asiye na kipaji je?

Jibu limo katika Sura Abasa. Mwenyezi Mungu alipomlaumu Mtume Wake (S.A.W.) kwa ajili ya Ibn Ummi Maktum, hoja haikuwa sauti ya adhana wala kazi yoyote atakayoifanya. Wakubwa wa Makka waliokuwa wakizungumza na Mtume walionekana kuwa na faida zaidi kwa daawa. Kipofu yule alikuja na haja moja tu, kutakasika na kukumbushwa, na haja hiyo ilitosha. Asiyesema hata neno moja, asiyehifadhi hata aya, haki yake ya kutazamwa kwa uso mkunjufu imekwishathibiti kabla hatujauliza anaweza nini.

Tufanye nini chuoni na mitaani kwetu?

Nilimjibu mama mdogo kwamba kwa nilivyofahamu, si ustadhi si mzee aliyepatia, na kwamba kijana afundishwe na asaidiwe. Tukampeleka kwa sheikh ambaye alikaa naye zaidi ya saa moja kabla ya kusema neno. Sasa anaswali msikitini Alfajiri na Isha, wakati watu ni wachache, akisimama mwisho wa safu karibu na mlango, mbali na spika. Anajua kwamba akizidiwa anaruhusiwa kutoka. Juzuu ya 15 ameianza nyumbani. Madrasa haijamrudisha, na hilo bado linatuuma.

Kwetu sisi wanafunzi napendekeza haya:

1. Tuulize “unashindwa wapi na unaweza wapi?” badala ya “huyu ni mzima au mgonjwa?”
2. Tuseme wazi. Badala ya “tutaonana baadaye,” tuseme “tukutane saa kumi na nusu mlangoni mwa maktaba.” Mabadiliko ya ratiba ya darsa yatangazwe mapema na kwa maandishi.
3. Tupunguze sauti ya spika katika darsa zetu, na tuache sehemu tulivu katika musalla.
4. Asiyetoa salamu kwa uchangamfu tusimwite mwenye kiburi kabla ya kumjua. Husnu dhanni ni wajibu wetu kwa kila Muislamu.
5. Katika kugawa kazi za jumuiya, tumpe mtu kazi ya kilele chake na tumwekee mwenzake wa kumsaidia katika bonde. Anayeshindwa kusimama mbele ya watu huenda ndiye mweka hesabu bora kuliko wote.
6. Tunaotarajia kuwa walimu wa madrasa, tuiweke mbali fimbo mpaka tujue kwa nini mtoto ametoka kwenye mstari. Pengine tutakuta haikuhitajika kabisa.

Maswali ya halaka

1. Ni nini tofauti kati ya kutokuwa na taklifu na kutokuwa na rushdi? Toeni mfano wa kila kimoja.
2. Kanuni ya al-maysuru laa yasqutu bil-ma’suur inafanyaje kazi kwa mtu anayeweza kufunga Ramadhani lakini hawezi kuvumilia futari ya watu wengi?
3. Katika msikiti mnaoswali ninyi, ni jambo gani moja linaloweza kubadilishwa wiki hii bila gharama?

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atupe macho ya kuwaona waja Wake kwa ukamilifu, awape subira na ujira wazazi wanaolea bila msaada, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaosikiliza neno kisha wakafuata lililo bora.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.